Dawa ya Mgonjwa wa Akili, na Jinsi Itupasavyo Kumtunza Aitumiaye

(Maneno yaliyosomwa mbele ya walimu na wazee wa makanisa, siku ya pili ya Jubilei)



Baba Askofu ametuomba tunene nanyi habari za kazi yetu sisi tunaohudumu katika zahanati za dayosisi. Wengine wamekwisha kuwaeleza jinsi makanisa yalivyojengwa, na jinsi shule zilivyoanza chini ya miti, nasi tumefurahi kusikia kama ninyi mlivyofurahi. Walakini sisi twataka kuwapeleka penye mlango ambao watu wengi hupita mbele yake upesi, wala hawapendi kutazama ndani; yaani habari za ndugu zetu walioshikwa na ugonjwa wa akili, na dawa wanazopewa, na sisi tukaao pamoja nao.

Na tuanze kwa kosa letu wenyewe, maana si haki mtu kuwafundisha wengine naye hajaungama.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na mwalimu katika mtaa wetu. Jina lake hatulitaji. Yu hai, na habari yake twaisema kwa ruhusa yake. Alikuwa mwalimu mwema, mwenye bidii, tena mwenye sauti ya kuimbisha. Akaugua. Siku nne hakulala kabisa. Akanena upesi hata watu wasiweze kumfuata. Akauza baiskeli yake na mbuzi wawili, akaigawa fedha njiani, akisema kwamba yeye atajenga shule mia. Baada ya hayo akashuka, akakaa ndani mwezi mzima, hataki kula wala kusema na mtu. Jamaa zake wakampeleka hospitali ya mkoa. Daktari akautambua ugonjwa wake, akampa dawa iitwayo lithiamu, akarudi kazini, nasi tukamwona mzima mwaka na nusu.

Ikafika Jumapili ya shukrani. Akasimama mbele ya watu wote akasema, "Nimepona. Vidonge nimevitupa mtoni." Nasi tulifanya nini? Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakapiga makofi. Sisi wa zahanati tulikuwamo kanisani. Twajua maana ya kutupa vidonge vile. Lakini hatukusema neno, wala siku ile wala siku ya pili, kwa kuwa tuliogopa kuiharibu furaha ya watu, tena tuliogopa kuonekana watu wa imani haba.

Hata miezi miwili haijatimia, ugonjwa ulirudi, nao ulikuwa mkali kuliko kwanza. Alikamatwa usiku barabarani, akafungwa kamba mikononi na vijana ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kusoma. Makovu ya kamba ile angali nayo. Tulipokwenda kumtazama hospitalini alituuliza, "Mbona siku ile hamkunionya?" Tulinyamaza. Basi maneno haya ya leo ndiyo jibu letu, ingawa limechelewa.

Ili mjue ya kuwa mambo haya hayakumpata yeye peke yake, sikilizeni habari ya mgonjwa wa kwanza aliyepewa dawa ile ile kwa ugonjwa ule ule katika siku zetu hizi za uganga wa kisasa. Katika nchi ya Australia alikuwako daktari jina lake John Cade. Wakati wa vita vya pili vya dunia alitekwa na Wajapani, akakaa kifungoni Changi, katika kisiwa cha Singapore, zaidi ya miaka mitatu. Vita vilipokwisha alirudi kwao akafanya kazi katika hospitali ya Bundoora, karibu na mji wa Melbourne. Hakuwa na vyombo vizuri wala wasaidizi wengi. Alitumia chumba kilichokuwa jiko, akafuga simbilisi, akawajaribu kwa chumvi ya lithiamu, akawaona wametulia. Akainywa yeye mwenyewe kwanza, apate kujua kama yaweza kumdhuru mtu. Ndipo mwaka 1948 akampa mgonjwa mmoja mwenye umri wa miaka 51, ambaye kwa miaka mitano alikuwa katika hali ya kuchafuka, hatulii mchana wala usiku. Katika majuma machache mtu yule alianza kutulia, na baada ya miezi kama mitatu akatoka hospitali, akarudi katika kazi yake ya zamani. Mwaka 1949 Cade aliandika habari hizo katika gazeti la madaktari wa nchi yake.

Lakini habari haikuishia hapo. Mtu yule alipojiona mzima aliacha dawa. Na kabla mwaka haujaisha alirudishwa hospitali katika hali ile ile ya kwanza. Akapewa dawa tena, akatulia tena. Walakini siku zile madaktari hawakuwa na njia ya kupima kiasi cha lithiamu kilichomo katika damu ya mtu. Ikazidi mwilini mwake, ikawa sumu, akafa mwaka 1950.

Baadaye madaktari walijifunza kuipima katika damu, na mwaka 1954 daktari Mogens Schou na wenzake wa Denmark wakatoa habari za majaribio waliyoyafanya kwa utaratibu. Na tangu hapo dawa ile imewatunza watu wengi sana katika nchi nyingi. Twaona, basi, ya kuwa mgonjwa yule wa kwanza alipatwa na hatari zote mbili: ya kwanza ni kuacha dawa peke yake, ya pili ni kutumia dawa pasipo mtu wa kupima. Mgonjwa wa leo apita katikati ya hatari hizo mbili, naye ahitaji mtu aijuaye njia.

Wako watakaouliza, "Je, zamani wagonjwa hawa waliishije bila dawa?" Wazee waweza kujibu: wengi walifungwa minyororo au magogo miguuni, wengine walifukuzwa wakazunguka maporini. Wako pia waliotendewa kwa huruma. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walianza kituo mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Na mwanzoni mwa karne ya 20 kikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, wakipewa chakula, na kazi ya mikono, na watu wa kukaa nao. Mwaka 1927 hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma. Lakini katika nyumba zote za namna hiyo, hapa na Ulaya, dawa ya kuondoa sauti zisizo na mtu na mawazo ya kutisha haikuwapo. Dawa ya kwanza ya kazi hiyo, iitwayo klorpromazini, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wakaieleza kwa wenzao. Tangu siku hizo mgonjwa aweza kukaa nyumbani kwake, na kulima, na kulea watoto wake. Ndiyo maana utunzaji wake hauko tena mikononi mwa hospitali peke yake. Umekuja kwetu, mitaani.

Basi twataka kuwaambia mambo matano, nanyi walimu mtayaeleza kwa wengine.

Jambo la kwanza: dawa hizi si za siku moja. Mtu mwenye sonona, yaani huzuni iliyozidi kiasi, ikamwondolea nguvu na usingizi na tumaini, akipewa dawa asitazamie nafuu kesho. Hungoja majuma mawili, au manne, au hata sita. Na taabu za dawa, kama kichefuchefu au kinywa kukauka, mara nyingi hutangulia kabla ya faida yake. Wengi huacha katika majuma hayo ya kwanza, wakisema, "Haifai." Tena akiisha kupata nafuu, yampasa kuendelea miezi mingi, kwa kawaida si chini ya sita, ili ugonjwa usirudi. Na mtu aliyesikia sauti au kuona yasiyokuwapo huendelea mwaka mmoja au zaidi, na wengine miaka mingi. Mnajua habari za ugonjwa wa kisukari na za presha. Hatumcheki mtu anywaye dawa za presha kila siku, wala hatumwambii kwamba ametawaliwa na vidonge. Kwa nini tumwambie hivyo mgonjwa wa akili? Nyumba isipovuja wakati wa mvua, mwenye nyumba hasemi ya kwamba paa halina kazi, akalibomoa.

Jambo la pili: dawa hizi zina taabu zake, nasi tusizifiche. Nyingine humfanya mtu asinzie, au anenepe, au mikono itetemeke. Nyingine hukaza shingo na taya, hata watu wakadhani ni pepo. Hayo yana tiba: daktari aweza kupunguza kiasi, au kubadili dawa, au kuongeza nyingine ya kulegeza mwili. Lakini atajuaje asipoambiwa? Mgonjwa huona haya, hasa akiwa mwanamume kijana ambaye dawa imempunguzia nguvu za ndoa. Hunyamaza, kisha huacha dawa kwa siri. Basi tumfundishe kusema yote. Mkulima anywaye klorpromazini ajue kwamba jua litamwunguza ngozi upesi, avae kofia na nguo ndefu shambani. Mwanamke anywaye valproeti ajue kwamba dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Basi amwambie daktari kabla ya kuchukua mimba, wala asiiache peke yake akiisha kuichukua, bali aende hospitali mara moja.

Naye atumiaye lithiamu ana mambo yake ya kuangalia. Maji yakimpungukia mwilini, au akiacha chumvi ghafula, dawa huzidi katika damu. Kwa hiyo akiharisha, au akitapika, au akishikwa na homa kali, na aende zahanati asingoje. Asinunue dukani dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni bila kuuliza, maana nazo huizidisha. Akianza kuyumba kama mlevi, na ulimi kuwa mzito, na mikono kutetemeka sana, hiyo ni dalili ya sumu. Asimeze kidonge kingine, apelekwe hospitali siku ile ile. Na hapa twanena nanyi wazee wa kanisa: wakati wa Kwaresima msimwache mtu huyu afunge kula na kunywa kama watu wazima wa mwili. Kanisa halikuwatwika wagonjwa mzigo huo tangu zamani. Mwambieni wazi, kwa upole, ili asione haya mbele ya wenzake, na apewe tendo jingine la toba.

Jambo la tatu: kuacha dawa si kazi ya mtu mmoja. Hatusemi kwamba kila mgonjwa atakunywa dawa hata kufa. Wako waliokwisha kuacha, nao ni wazima. Wala hatusemi kwamba mgonjwa hana neno katika habari hiyo, mwili ni wake, naye ana haki ya kuuliza, "Dawa hii ni ya nini? Nitaitumia hata lini? Yaweza kupunguzwa?" Lakini swali hilo na liulizwe mbele ya daktari au muuguzi wa magonjwa ya akili, na dawa ikipunguzwa ipunguzwe kidogo kidogo, kwa majuma na miezi, na jamaa wakijua dalili za kwanza za ugonjwa kurudi. Kwa mwalimu wetu dalili ya kwanza ni usingizi. Akikosa usingizi siku mbili, mkewe huja kutuambia, wala haoni kwamba anamsengenya mumewe, maana walipatana hivyo wakati alipokuwa mzima.

Jambo la nne: dawa isikatike. Mara nyingine mgonjwa si mkaidi, amefika kliniki akaambiwa, "Dawa imekwisha, rudi mwezi ujao." Akarudi nyumbani, akangoja, akaugua. Ndugu zetu, mwezi mmoja kwa mtu huyu ni mrefu mno. Na aende na kadi yake zahanati nyingine au hospitali ya wilaya, na kama hana nauli, mtaa umsaidie. Mwenye kusahau vidonge aweza kuuliza kama yafaa kwake kudungwa sindano ya mwezi. Asiazime vidonge vya jirani, hata kama ugonjwa waonekana mmoja. Nyumbani vidonge vikae mbali na watoto. Na ikiwa mgonjwa amekata tamaa ya kuishi, mtu mwingine amwekee, ampe cha siku moja moja. Naye akisema kwamba ataka kufa, msimkemee wala msimwache peke yake, bali mpelekeni hospitali.

Jambo la tano ni lile tulilolikosa sisi. Msigombanishe sala na dawa. Mwinjili Luka alikuwa tabibu, na kitabu cha Yoshua bin Sira chamsifu tabibu na mwenye kutengeneza dawa. Basi baba zetu wa imani hawakuona haya kwa kazi hiyo. Mwombeeni mgonjwa, mwekeeni mikono, mwimbieni, lakini mtu akiwaambia, "Nimeomba, na sasa naacha vidonge," mjibuni, "Na tuombe pamoja, kisha twende wote kwa daktari." Neno hilo si uhaba wa imani. Tena kama jamaa wamempa mizizi au majani, msiwatukane. Waombeni wamwambie daktari ni nini, kwa kuwa dawa mbili zaweza kugombana ndani ya mwili mmoja. Lakini minyororo, na kumnyima chakula, na kumpiga ili pepo atoke, hayo yasionekane tena katika mitaa yetu.

Sasa mtauliza, "Tufanye nini tukirudi makwetu?" Tutawaeleza tulivyofanya katika mtaa wetu baada ya mambo yale kutupata. Hatukuunda chama, wala hatukuchagua mwenyekiti. Kila mgonjwa aliyekubali alichagua mwenyewe mtu mmoja nje ya nyumba yake: mmoja alimchagua mwalimu wa dini, mwingine shangazi yake, mwingine fundi cherehani aliye jirani yake. Kazi ya mtu huyo ni kuijua siku ya kliniki, na kufuatana naye njiani akitaka, na kumwuliza mara moja kwa juma, "Usingizi waendeleaje?" Hatafuti siri, na aliyoyasikia hayapeleki kisimani wala barazani. Sadaka ya Jumapili moja kwa mwezi hutolewa fungu lake kwa nauli za kliniki, wala majina ya wanaosaidiwa hayasomwi kanisani.

Ninyi walimu mna kazi nyingine, nayo ni ya ulimi. Watoto hujifunza kwetu neno la kumwita mtu. Mwalimu akisema "yule kichaa," darasa zima litasema hivyo, nao watamtupia mawe njiani. Akisema "yule mgonjwa," watamwonea huruma. Tena mtoto asinziaye darasani, au mikono yake ikitetemeka, asipigwe kabla hajaulizwa. Huenda anatumia dawa, au huenda nyumbani kwake yuko anayeugua, naye hukesha usiku kumlinda.

Twamalizia kwa habari ya mwalimu yule. Anafundisha hata leo. Hunywa vidonge vyake jioni baada ya chakula, na damu yake hupimwa kila miezi mitatu, na mara nyingine hupimwa pia kazi ya figo na ya tezi ya shingo, maana dawa hii yaweza kuvidhuru vyote viwili polepole. Safari ya kwenda hospitali ni ya siku nzima kwa gari, naye huichukia. Alituambia waziwazi ya kwamba huzikumbuka kwa hamu siku zile alizoona kwamba aweza kujenga shule mia, na ya kwamba kila mwaka, karibu na Jumapili ya shukrani, wazo la kuvitupa vidonge humjia tena. Mwaka wa kwanza alikuja kwetu usiku kutueleza wazo hilo. Tukakaa naye hata alfajiri, na kulipokucha tukaenda naye kwa daktari, ambaye alipima damu, akakipunguza kiasi kidogo, maana kweli kilikuwa kimepanda. Basi lalamiko lake lilikuwa na sababu, nasi tungaliliita ukaidi.

Maneno haya ameyasoma kabla hatujayaleta hapa. Mahali pamoja tuliandika, "naye sasa amepona." Akachukua kalamu akalifuta, akaandika juu yake, "naye sasa anatunzwa." Tukamwuliza kama hilo lamhuzunisha. Akasema, "Huzuni ni neno lile la kwanza, maana ndilo mlilonipigia makofi."

Ndugu zetu, katika agano la kale mwaka wa Jubilei ulikuwa mwaka wa kuwafungulia watu vifungo, kila mtu akarudi kwa jamaa zake. Katika kila mtaa wa dayosisi hii yuko mtu aliyefungwa kwa kamba, au kwa haya, au kwa kukosa nauli ya kliniki. Mkirudi makwenu mtafuteni, mkamwulize siku yake ya kliniki ni lini.

Mungu awabariki, na awafikishe salama.